Kwanini inaitwa Kilwa Road wakati ukinyoosha nayo hufiki Kilwa?

Mtoto_wa_RangiTatu

Wakuu habari za jioni. Mi nimezaliwa Mbagala, Dar, na nimekulia Mbagala, anwani yetu toka niko shule ya msingi ni Barabara ya Kilwa, nimegombania daladala hapo Zakhem mpaka nimeota sugu ila sijawahi kuvuka Mkuranga. Wiki iliyopita nikapata safari ya msiba Lindi ndo mara ya kwanza naishuka hii barabara yote. Nikawa nahesabu, Kongowe, Vikindu, Mkuranga, Kimanzichana, Jaribu, Bungu, Kibiti, Ikwiriri, daraja la Mkapa, Somanga. Afu tunafika Nangurukuru nasubiri kuona Kilwa, gari linanyoosha zake Lindi, kibao cha Kilwa kinaelekea kushoto! Nikamuuliza mzee niliyekaa naye siti moja akacheka akaniambia Kilwa yenyewe iko kama kilomita 30 huko ndani. Sasa nauliza, barabara imepewaje jina la mji ambao haupiti? Na yule mzee alisema zamani hii safari ilikuwa siku tatu mpaka wiki, mi nimetumia masaa nane, nikaona kama ananiongopea. Wenye kumbukumbu tupeni historia.

chukuchuku

Na Morogoro Road ikifika Morogoro inasimama? Mbona inaendelea mpaka Dodoma na hamuulizi 😂

Mtoto_wa_RangiTatu

Mkuu Morogoro Road angalau inapita Morogoro yenyewe. Hii inaipita Kilwa kama haiijui.

KondaMstaafu

Mzee wako hajakuongopea kijana. Mi nimeanza ukonda njia ya kusini 1996, sitaji kampuni maana mwenyewe bado yupo hai na hela yangu ya mwezi wa mwisho hajanilipa. Enzi hizo daraja hamna. Unatoka Dar usiku usiku ili uwahi Ndundu, pale ndo kuna pantoni ya kuvuka Rufiji, na pantoni haikujui wala haina haraka na wewe. Ukikuta malori ya korosho yamekutangulia mbele huko, lala. Mto ukijaa, lala. Pantoni ikiharibika injini, hapo sasa ndo unaanza kuoana na abiria. Nimeona mtoto amezaliwa kwenye foleni ya Ndundu, kina mama wamezungushia kanga tatu nyuma ya basi, na dereva akaambiwa ajaribu kuliondoa gari aone.

El Nino ya 97 kwenda 98 ndo usiseme, njia ilikufa kabisa, kusini ikawa kisiwa. Mwenye uwezo alipanda ndege, wengine walipanda meli Dar mpaka Mtwara wanatapika njia nzima, na sisi wengine tukakaa nyumbani tukisubiri maji yashuke.

Daraja likaja 2003, mwezi wa nane, akalifungua Mkapa mwenyewe akiwa Rais. Mita 970, wakati huo hakuna refu kama lile nchi hii. Watu walilia jamani, wazee wanavuka kwa miguu wanarudi wanavuka tena. Ila sasa niwape kitu ambacho watu hamkisemagi: daraja lilikuja kabla ya barabara. Ukishavuka tu pale, kutoka Ndundu mpaka Somanga kilomita 60, hakuna lami. Ni udongo wa bonde, ule mweusi ukilowa unakuwa kama ugali wa muhogo, tairi inazama mpaka unaona mlango wa basi uko sawa na ardhi. Tulikuwa tunatembea na majembe mawili, mapanga, mbao nne nene na mnyororo wa kufunga kwenye tairi. Abiria wanaume wote chini, viatu mkononi, suruali imekunjwa, moja mbili tatu sukumaaa, gari linatoka mita ishirini linakaa tena. Na wanakijiji wameshajua, wanakuja na mihogo ya kuchemsha na maji kwenye madumu, asubuhi kipande cha muhogo bei ya kawaida, ikifika saa kumi jioni kimeshapanda mara tatu, na utanunua tu.

Hizo kilomita 60 zimekuja kuisha lami miaka zaidi ya kumi BAADA ya daraja. Huku chini kuelekea Lindi kulishawekwa lami zamani, wakandarasi bado wanazunguka na kale kakipande. Kwahiyo mtu akikwambia "daraja ndo lilifungua kusini" mwambie lilifungua mlango tu, sebuleni kulikuwa na tope.

BabaWawili_Temeke

Si nasikia lile daraja alianza Nyerere? Mkapa alikuja kukata utepe tu, na alifanya vile kwasababu kwao ni huko huko Masasi.

KondaMstaafu

Nyerere gani mkuu, mi nimelala Ndundu mwaka 2000 na nguzo hazipo. Lile ni la awamu ya tatu mwanzo mwisho. Kwao ni Lupaso kweli, na amezikwa huko huko 2020. Kama ni kujipendelea basi alijipendelea kwa kuchelewa maana toka uhuru mpaka 2003 ni miaka 42 watu wa Lindi na Mtwara wanasubiri pantoni. Na kipande cha tope alituachia.

Mmatumbi_wa_Kipatimu

Naona swali la jina limeachwa njiani kama basi la Konda. Mtoa mada, Kilwa ilikuwa kubwa kabla Dar haijawa hata kijiji cha maana. Msafiri wa Morocco Ibn Battuta amefika Kilwa Kisiwani 1331 akausifia mji, wakati huo hapo kwenu Mbagala ni tembo wanajipitia. Baadae kwenye karne ya 19 mji mkubwa ukawa Kilwa Kivinje, misafara ya pembe na watumwa inatoka huko Ziwa Nyasa inaishia pale. Kwahiyo mtu wa Dar akisema barabara ya kwenda kusini anasema ya Kilwa, ndo sehemu iliyokuwa inajulikana. Mikocheni kuna Bagamoyo Road kwa mantiki hiyo hiyo. Barabara kuu ilivyonyooshwa kwenda Lindi ikafuata njia fupi, Kivinje na Kilwa Masoko, mji wa wilaya wa sasa, ziko pwani kabisa zikabaki pembeni. Ndo Nangurukuru ikazaliwa pale njia panda, mji wa mama ntilie na mafundi gereji, hauna uzee wowote.

Na kama umekaa dirisha la kulia baada ya Somanga ulikuwa unaviona vilima kwa mbali, huko ni kwetu Umatumbi. Julai 1905 kijiji cha Nandete watu waling'oa pamba ya Mjerumani, ndo Maji Maji ikaanza, na siku chache baadae Somanga hiyo hiyo mnayosimama kula samaki ikachomwa moto. Muhoro, upande wa kusini wa Rufiji, ndipo Wajerumani walipomnyonga Kinjikitile Ngwale tarehe 4 Agosti 1905. Basi linapita maeneo hayo spidi 80 abiria wanaangalia bongo movie.

chukuchuku

Aisee Somanga mi najua pweza tu.

MamaKorosho_Lindi

Nyie mnaongelea zamani kama vile imeisha. Mei 2024 kile kimbunga Hidaya mmesahau? Mi nilikuwa natoka Kariakoo na mzigo wangu wa vitenge na vyombo vya plastiki, tumefika karibu na Somanga tunaambiwa mbele hakuna barabara. Sio imeharibika, HAKUNA. Kalavati limesombwa, lami imebaki inaning'inia kama ulimi, chini maji yanapita mekundu kwa kelele. Na sio sehemu moja, Mikereng'ende nako pamekatika na kwingine nako. Tumelala pale siku tatu. Vijana wakawa wanavusha watu mgongoni elfu tano, mzigo bei nyingine, mi na unene wangu huu kijana aliniangalia akaniambia mama wewe tuongee kwanza. Nimecheka siku hiyo pamoja na shida zote.

Lindi mafuta ya petroli yakaanza kuadimika, nyanya ikawa dhahabu. Yaani barabara ni hiyo moja tu kuja Dar, ikikatika unazunguka Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Iringa, nauli yake utauza na nyumba. Malori ya simenti, korosho, ufuta, vyote vinang'ang'ania uzi mmoja. Konda anasema kusini ilikuwa kisiwa 98, basi na 2024 tulikuwa kisiwa, tofauti saivi kisiwa kina lami na mtandao.

BabaWawili_Temeke

Kwa hali hiyo kwanini wasitumie tena meli kwa mizigo mizito? Bandari ya Mtwara ipo.

MamaKorosho_Lindi

Kaka yangu, vitenge vyangu bunda tano nipakie meli? Meli ni ya matajiri wa korosho, na wao wenyewe kila msimu tunagombana nao wapitishe Mtwara wasipitishe Dar. Hiyo anzishia uzi wake.

Mtoto_wa_RangiTatu

Dah wakuu nimeshiba. Kumbe nimekaa kwenye hii barabara miaka yote najua mwendokasi na foleni ya Mtongani tu. Arobaini ya marehemu narudi tena, safari hii nashuka Nangurukuru nikaione hiyo Kilwa. Nikishuka napandaje?

KondaMstaafu

Ukishuka tu utaona hiace na noah za Masoko, zinajaza haraka asubuhi, jioni utakaa. Kama unataka Kisiwani pitia kwanza pale Masoko ofisi ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori inayosimamia magofu siku hizi, uchukue kibali, afu ndo ushuke kwenye boti, usije ukavushwa na mtu wa mitaani ukarudishwa. Na ukirudi usiku usikae siti ya nyuma, matuta ya vijijini huko yapo kila kona na madereva wa saivi hawapunguzi.