Baridi ya alfajiri Mwanza, nyumba ya bati bila dari: nifanyeje na mama mzee na mtoto mchanga?

BintiTemeke
Habari za mchana wakuu, poleni na majukumu. Nimehamishiwa Mwanza kikazi kutoka Dar, nimepanga vyumba viwili Nyegezi, mlimani kidogo. Nyumba ya bloku, sakafu ya saruji, bati limepigwa juu ya kenchi basi, dari hakuna. Mchana ni tanuri. Ila kipupwe hiki, kuanzia saa tisa usiku mpaka kunakucha, tunatetemeka. Naishi na mama yangu ambaye magoti yanamsumbua, na nina kichanga cha miezi miwili. Halafu asubuhi nakuta neti imelowa kwa juu, matone kabisa, na mvua hatuijui tangu mwezi wa tano. Bati linavuja nini?

Nawaza kununua hita ya umeme. Jirani naye ananiambia niwashe jiko la mkaa nje, likikolea niliingize chumbani, eti yeye ndiyo kawaida yake. Au nihame kabisa niwe mbali na ziwa, maana naona huo upepo wa ziwa ndio unatumaliza. Mwenye nyumba nikimgusia dari anasema "mambo yakikaa sawa". Naombeni ushauri.

MzeeMakete
Baridi ya Mwanza? 😂 Njoo Kitulo mwezi huu uone majani yamegeuka meupe asubuhi ndio ufungue uzi.

NesiMstaafu
Mzee, mwache binti, ana kichanga.

Mwanangu, hilo jiko USILIINGIZE. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na mkaa uliokolea, usio na moshi, ndio unaowadanganya watu wakadhani hauna neno. Hewa hiyo inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Ukiwa macho utasikia kichwa kinauma na kichefuchefu. Ukiwa usingizini hutasikia kitu. Kuacha dirisha wazi kidogo siyo kinga. Huyo jirani naye mwambie leo hii, usingoje kesho.

Mtoto mvike kofia na soksi, mweke kifuani kwako ngozi kwa ngozi, mjifunike kanga pamoja wakati uko macho. Usimrundikie mablanketi, usimfunike uso. Kumpima, mguse kifua au shingo. Viganja vya kichanga huwa vya baridi hata akiwa salama. Mama mwekee chupa ya maji ya moto (yasiwe ya kuchemka) iliyofungwa kwenye kanga, ikae upande wa miguuni kabla hajapanda kitandani. Akishapanda itoe.

NgoshaWaIlemela
Mwangaluka dada, karibu Mwanza. Ziwa unalisingizia. Maji yake hata kipupwe yanakaa kwenye nyuzi 24 au 25 hivi, wakati hewa ya alfajiri inashuka mpaka 15 au 16. Shuka mwaloni kabla jua halijatoka utie mkono majini, utayakuta ya uvuguvugu. Upepo wa ziwa unavuma mchana. Usiku unageuka, unatoka nchi kavu unaelekea ziwani, na wewe uliye mlimani unakupitia kwanza. Ukihamia Kwimba ndio utakoma, huko usiku wa kiangazi ni baridi kuliko hapa.

FundiKenchi
Bati lako halivuji, linatoa jasho. Usiku wa kiangazi hakuna mawingu, bati linapoteza joto lake kwenda angani mpaka linakuwa baridi kuliko hewa yenyewe ya nje. Pumzi za watu watatu na mvuke wa chai vinapanda, vinagusa bati, vinageuka maji, vinadondoka kwenye neti. Ndiyo maana mnaonewa na bati mchana na usiku, ni lile lile.

Dawa ni dari. Jipsamu ikikushinda, piga mbao za mbili kwa mbili, weka plaiwudi nyembamba chumba cha kulala peke yake. Sebule itasubiri. Kuna wanaoshona viroba wakavitandaza chini ya kenchi. Inasaidia, lakini kama mnatumia kibatari au mshumaa sitaki hata kuisikia. Kisha angalia pale ukuta unapokutana na bati: mafundi wengi wanaacha mwanya unaopita mkono. Uzibe kwa mota. Yale matundu ya hewa juu ya dirisha yaache, weka wavu tu, la sivyo jasho litazidi na mbu hawatapungua.

Mkwavi88
Hita ya wati 2,000 inakula uniti mbili kwa saa. Iwashe kwa muda wa saa nane usiku mmoja, uniti 16. Mtu wa uniti 75 kwa mwezi anazimaliza siku ya tano. Na joto lote linapanda kwenye bati, unawapashia kunguru.

KijanaWaBondeni
Nipo Johannesburg, Julai hapa usiku inakaribia sifuri na nyumba nyingi hazina kipasha joto cha maana. Tulichojifunza ni kupasha kitanda, chumba unakiacha. Na baridi kubwa inatoka chini: tandika blanketi moja CHINI ya shuka unayolalia, utashangaa. Mama asikanyage saruji tupu, mkeka na zulia juu yake. Kitanda kisigusane na ukuta wa nje. Mwezi huu jua linapita kaskazini, kwa hiyo dirisha la upande huo fungua pazia mchana, saa kumi na moja funga.

BintiTemeke
Asanteni sana, Mungu awabariki. Jirani nimemwambia, kanuna lakini jiko kalitoa. Blanketi la chini nimejaribu jana, mama kalala mpaka adhana. Mwenye nyumba anasema ninunue mbao na plaiwudi mwenyewe, atanikata kwenye kodi. Nikubali?

FundiKenchi
Kubali, ila aandike kiasi na miezi atakayokata, asaini, na mjumbe awepo. Risiti zote tunza. Upana na urefu wa chumba nitumie inbox nikupigie hesabu ya mbao, usinunue kwa kukisia.

MzeeMakete
Na mkishamaliza mnikaribishe sato.