Mrejesho: lile deni la huduma za pamoja kwenye fremu ya duka ninayopanga, Mwanga Kigoma

Ndugu zangu, nawashukuru sana. Niliuliza kama ni haki mwenye jengo kunidai 420,000 za nyongeza mwisho wa mwaka, juu ya 25,000 ninazolipa kila mwezi za mlinzi, usafi na LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya korido.

Kama mlivyoshauri, niliomba mchanganuo na risiti. Msimamizi, mzee muungwana kweli, akafungua daftari tukalipitia mstari kwa mstari. Jumla ya gharama za pamoja za mwaka mzima ni milioni 9, lakini milioni 3 humo ni bati jipya la jengo zima! Hayo ni matengenezo makubwa ya mali ya mwenye jengo, na mkataba wetu hauyataji. Halafu walinibebesha asilimia 8: mita zangu za mraba 24 kwa 300 za fremu zenye wapangaji tu. Jengo lina mita 400, na fremu tupu ni za mwenye jengo, si mzigo wetu. Asilimia 6 ya milioni 6 ni 360,000. Nilishalipa 300,000, nikamalizia 60,000, risiti ninayo.

Mama wa vitenge, jirani yangu, hesabu yake nayo inarudiwa. Kwenye mkataba mpya tumeomba mgawanyo kwa mita za jengo zima uandikwe kabisa.