Ujuzi wa saiti ninao, cheti cha ufundi bomba sina. Nianze VETA upya au kuna njia nyingine?

Kijana wa Mbagala

Habari za jioni wakuu. Nina miaka 24, nilimaliza kidato cha nne lakini matokeo hayakunibeba. Tangu hapo nipo na fundi wangu. Nilianza kwa kumbebea spana na kuchimba mitaro, sasa hivi ananiachia nyumba nzima: nachoma mabomba ya plastiki ya PPR, nafunga simtanki, masinki, vyoo, mabomba ya mvua.

Mwezi uliopita kampuni moja ya ujenzi ilikuwa inatafuta mafundi bomba wa ghorofa. Nilipofika getini swali la kwanza likawa cheti, na mazungumzo yakaishia hapo. Hakuna aliyetaka kuniona nikifanya kazi. Imeniuma sana.

Naomba ushauri. Niende VETA, chuo cha ufundi cha serikali, nianze mwanzo kabisa? Maana yake niache kazi, na mama na wadogo zangu wananitegemea. Au kuna namna ya kupimwa kwa hiki ninachokijua?

Fundi Dada Dodoma

Mdogo wangu, usiache kazi. Njia ipo, na vijana wangu wawili wamepita humo humo. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na umewekwa kwa ajili ya watu kama wewe. Unajaza fomu, wanakuhoji, wanakutazama ukifanya kazi. Wakiona pengo unapewa mafunzo mafupi ya kuliziba, kisha unapimwa. Ukifaulu unapewa cheti kinachotambulika nchi nzima. Kwa Dar nenda chuo cha VETA Chang'ombe, uliza fani ya bomba inaitwa lini, maana watu huchukuliwa kwa awamu.

Ila nikwambie kama dada yako. Nimerudia kusoma kazi ulizoorodhesha. Karibu zote ni za maji yanayoingia ndani ya nyumba. Choo umekitaja, lakini umetaja kukifunga. Yakishamwagwa yanakwenda wapi, na kwa nini yakubali kwenda? Hapo ndipo vijana wa saiti wanapokwama wakihojiwa, na kwangu mimi hapo ndipo fundi anapojulikana. Maji safi yana presha, hata ukipitisha bomba kwa kona zisizo na maana yatafika. Maji taka hayana wa kuyasukuma. Yana mteremko tu, na mteremko huo ni wewe unayeutengeneza.

Bomba la inchi nne tunalilaza kwa moja kwa arobaini, yaani sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Kutoka chooni hadi kwenye chemba, kile kisanduku cha ardhini cha kukagulia maji taka, ikiwa ni mita 12, lazima ushuke sentimita 30. Wengi wanachimba kwa macho. Ukililaza sana uchafu unabaki njiani, na baada ya miezi michache mwenye nyumba anakuita kuzibua. Ukiliinamisha kupita kiasi, maji yanatangulia na kuuacha uchafu nyuma. Funga kamba, tumia mpira wa maji kupata levo ya pande zote mbili, na kabla ya kufukia pitisha pima maji, ile rula yenye kiputo, juu ya kila kipande cha bomba. Chini weka mchanga. Jiwe moja likikaa chini ya bomba linatosha kulivunja siku gari likipita juu.

Kitu cha pili ni trepu. Yale maji yanayobaki kwenye ile kona chini ya sinki, kina chake kama sentimita tano, ndiyo yanayozuia harufu isipande ndani. Sasa wewe unataka kazi ya ghorofa. Choo cha juu kikimwagwa, maji yanashuka kwa kishindo na kuvuta hewa nyuma yake. Kama hakuna bomba la hewa lililotoka hadi juu ya paa, yananyonya maji ya kwenye trepu za ghorofa za chini. Mpangaji wa chini anasikia sinki linakoroma, kesho yake nyumba inanuka, anapiga deki kwa dawa kila siku na harufu iko palepale. Ukiweza kumweleza hayo mtu anayekupima, atajua hukukariri.

Na PPR usiende kwa mazoea. Bomba la milimita 20 mashine iwe nyuzi joto 260, unapasha sekunde tano, unachomeka moja kwa moja bila kuzungusha na unashikilia. Ukizidisha moto plastiki inajikunja kwa ndani na kubana njia, huku kwa nje kiungo kinapendeza kabisa. Kisha jaza maji, weka pampu ya kupimia presha na uangalie mshale. Fundi ujenzi akikuharakisha ili apige plasta, mkatalie. Ukuta ukishafungwa, lawama zote ni zako.

Chuo Kwanza

Nakubaliana na dada hapo juu, ila nisemee chuo kidogo. Mimi nilipita VETA, hatua ya kwanza hadi ya tatu. Nilichopata kule ambacho mtaani ningekikosa ni kusoma ramani. Saiti kubwa hakuna wa kukuonyesha kwa kidole "pitisha hapa". Unapewa karatasi, bomba la maji ya moto limechorwa kivyake, maji taka kivyake, na unatakiwa uhesabu viungio, yaani elbo, tii na soketi, kabla mzigo haujanunuliwa. Pia tulikata nyuzi za kufungia kwenye mabomba ya chuma kwa daya, kile chombo cha kukatia nyuzi, na kuziba viungo kwa katani. Mtaani siku hizi ni plastiki tu, lakini viwandani na kwenye mifumo ya kuzimia moto chuma bado kipo. Kama una mdogo wako anayemaliza shule mwaka huu, yeye mpeleke chuo. Wewe fuata njia ya urasimishaji.

Plamba wa Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu Kenya tuna mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, unaanza Gredi ya Tatu, wapanda ya Pili, kisha ya Kwanza. Mimi nilijifunzia kazini vilevile, nikaja kufanya mtihani baadaye. Kuna vitendo na kuna maswali. Vitendo havikunisumbua, nilichokisomea usiku ni yale maswali. Tafuta kijana aliyetoka chuoni karibuni akuazime daftari zake.

Kijana wa Mbagala

Shikamoo dada, na asanteni wote. Kweli mambo ya bomba la hewa nilikuwa naona tu linawekwa, sikuwahi kuuliza sababu. Jumatatu nakwenda Chang'ombe. Niende na nini?

Fundi Dada Dodoma

Marahaba mdogo wangu. Nenda na kitambulisho na cheti chako cha kidato cha nne, hata kama matokeo hayakuwa mazuri. Muombe fundi wako akuandikie barua inayoeleza umefanya naye kazi tangu lini na kazi zipi, aweke sahihi na namba ya simu. Kuanzia leo piga picha kila kazi kabla haijafukiwa, mtaro ukiwa wazi na pima maji ikiwa juu ya bomba. Na nyumba inayofuata mwambie fundi wako mfumo wa maji taka akuachie wewe, toka chooni hadi shimoni, yeye akague tu. Ukikwama kwenye vipimo niandikie hapahapa, huwa napita kila jioni.