Kusali barazani bila kanisa: bado ni Ukristo?

FundiTezo (Bagamoyo)

Wakuu, salaam. Mimi ni fundi wa mashua hapa Bagamoyo, nina miaka 52. Naomba mnisome mpaka mwisho. Ni ndefu kidogo, nimeiandika vipande vipande nikisubiri mbao.

Mama yangu alifariki mwaka juzi, mwezi wa sita. Alilala kitandani miaka miwili na nusu, kiharusi, upande wote wa kushoto. Kabla hajaugua hakuwa mtu wa kukosa ibada. Masika njia ikiwa tope tupu alikwenda na viatu mkononi, akanawa miguu kwenye bomba la kanisa. Alipolala, wa kanisani walikuja kumwona mara mbili. Dhehebu silitaji. Nawajua, nikilitaja tu mada itageuka Simba na Yanga.

Siku aliyofariki, kama saa mbili usiku, mwenyekiti wa jumuiya alinivuta pembeni chini ya mwembe. Akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba mama ana deni. Ahadi ya uzio pamoja na michango ya jumuiya ya miezi thelathini, jumla 186,000. Utaratibu unaujua, akasema. Lisipomalizwa, mtumishi hatafika makaburini. Nikampigia simu mteja niliyekuwa namtengenezea ngalawa, akanikopesha. Kabla ya alfajiri nimelipa, nimepewa stakabadhi. Imeandikwa kwa mkono: "Marehemu, deni lote." Ninayo mpaka leo ndani ya Biblia. Nikifungua Zaburi ndiyo ninayokutana nayo kwanza.

Usiku uleule waliofunga turubai, wakachota maji na kuinjika masufuria ya wali ni majirani zangu Waislamu. Hakuna aliyeulizia stakabadhi.

Tangu hapo sijarudi. Yesu sijamwacha, hilo lieleweke. Jumapili saa tatu tunakaa barazani, mimi, mke wangu na wanangu wawili. Baadaye akaongezeka mama mmoja muuza samaki wa kukaanga, na kijana wangu wa kazi, yule anayenisaidia kupiga kalafati, yaani kuziba nyufa za mashua. Tunasoma sura moja, nyimbo mbili za kitabuni, kila mtu anaomba kwa maneno yake. Saa nne tumemaliza, mama wa samaki anawahi sokoni.

Hoja zangu ni mbili. Kwanza, Mathayo 18:20, "walipo wawili watatu wamekusanyika kwa jina langu, nami nipo papo hapo katikati yao." Hakusema wawili watatu na mhazini. Pili ni ya hapahapa kwetu. Nimekua naukodolea macho mnara wa kanisa la zamani la misheni, ambako mwili wa Livingstone ulilazwa usiku mmoja Februari 1874. Mnajua waliomleta ni watumishi wake, akina Chuma na Susi, kwa miguu, kutoka kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Kule porini walipouzika moyo wake chini ya mti, hakukuwa na padre wala mchungaji. Aliyesoma sala za maziko ni mwenzao, Jacob Wainwright, Mwafrika, mpagazi kama wao. Sasa nani atasema ile haikuwa ibada?

Lakini nimeanza kuingiwa na wasiwasi, ndiyo sababu ya kuandika. Binti wa mama wa samaki amejifungua, wanataka mtoto abatizwe. Nani abatize, mimi na mikono hii inayonuka sifa, mafuta ya papa ya kupaka mashua? Halafu kijana wangu aliumwa, tukachanga 23,000, dawa zikala 14,500, na Jumapili iliyofuata mtu akauliza chenji iko kwa nani. Kesho yake nikajikuta niko dukani nanunua daftari. Nikasimama pale kaunta nalo mkononi nikacheka peke yangu, muuzaji akanishangaa. Maana kule kanisani nilikuwa mhazini wa jumuiya miaka tisa.

Je, imani inahitaji haya mambo ya vyeo na madaftari, au nimetokea mlango wa mbele narudia wa uani?

KijanaWaMjini

Mkuu, usijipe presha. Kanisa siku hizi ni mradi kama miradi mingine. Mafuta yana bei, maji yana bei, kitambaa kina bei, kiti cha mbele nacho kina bei. Yesu hakujenga hata banda. Baki barazani kwako, daftari chana, mtoto mpelekeni baharini mumchovye. Maji si yapo?

MamaUsharika_Tanga

Baba, pole sana na msiba. Hilo la stakabadhi nimelisoma mara mbili, nikafunga simu, nikafungua tena.

Nikupe la kwangu. Mimi ni wa Chumbageni. Mwaka juzi nilianguka na baiskeli (si unajua Tanga bila baiskeli haiendi), mguu ukavunjika mara mbili, nikalazwa hospitali ya Bombo wiki tatu. Wamama wa usharika walinipangia zamu: huyu uji wa asubuhi, huyu kufua, huyu kulala na wanangu. Zamu ile haikushuka kutoka mbinguni. Kuna mama mmoja mkali alikaa na karatasi, akapiga simu, akawagombeza waliosahau. Sasa huyo mama na karatasi yake, wewe unamwita nani? Mimi namwita kanisa. Waebrania 10:25 inasema tusiache kukusanyika pamoja, na mimi nilipokuwa na plasta mpaka pajani niliielewa vizuri kuliko nilivyoielewa kwenye kipaimara.

Lakini aliyekudai chini ya mwembe alikosa, na alitakiwa aitwe mbele ya wazee aulizwe. Ulikwenda kwa mtumishi mwenyewe ukamweleza, au uliondoka kimya?

FundiTezo (Bagamoyo)

Niliondoka kimya, mama. La karatasi ya zamu nimekuelewa. Mama yangu hakuwekewa zamu.

@KijanaWaMjini, daftari sichani. Hela za watu hizo.

MwalimuMstaafu

Ndugu Fundi, nimefundisha historia miaka 31, kwa hiyo nivumilie.

Huyo Wainwright umemtaja nusu. Alisoma sala, kweli. Alizisoma kutoka wapi? Kutoka kitabu cha sala cha Waanglikana, kwa Kiingereza alichofundishwa shule ya wamisionari kule Nasik, India, alikopelekwa baada ya kuokolewa kwenye jahazi la watumwa. Mchungaji hakuwepo chini ya ule mti, lakini kuna watu waliotunga sala zile, waliozichapa, waliofungua shule, waliolipa walimu. Kanisa lilikuwa kwenye mzigo wake.

Na huo mnara wako. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo 1868, wakawa wanakomboa watumwa na kuwaweka kijijini kwao. Kukomboa mtu ni hela, na hela ile ilichangwa Ulaya na watu ambao Bagamoyo hawakuijua hata kwenye ramani. Mchango wa namna hiyo bila daftari haufiki. Ila na mimi nisikudanganye: kijiji kile kiliendeshwa kwa kengele, kuamka kengele, shamba kengele, sala kengele, na wapo waliokombolewa wakatoroka. Mtu ametoka kwenye mnyororo, halafu unampangia hata saa ya kulala! Kwa hiyo mazuri na machukizo yote yametoka kwa mikono ileile.

Mfano unaokufaa zaidi hauko hapa, uko Japani. Mwaka 1614 serikali ya huko ilipiga marufuku Ukristo nchi nzima. Mapadre wakafukuzwa, wengine wakauawa, mpaka hakubaki hata mmoja. Ikapita miaka zaidi ya 200. Mwaka 1865 Padre Petitjean, Mfaransa, yuko kwenye kanisa jipya lililojengwa Nagasaki kwa ajili ya wageni, wakaja wanakijiji kimyakimya, mwanamke mmoja akamnong'oneza kwamba mioyo yao ni sawa na wake, akamuuliza sanamu ya Maria iko wapi. Wakristo! Vizazi saba hivi bila padre.

Ukiishia hapo utasema hoja yako imeshinda. Lakini angalia waliishije. Vijiji vile vilikuwa na viongozi wa siri: mmoja kazi yake kutunza kalenda, ajue Krismasi na Kwaresima zinaangukia lini, mmoja wa kubatiza, mmoja wa kupita nyumba hadi nyumba kupeleka habari. Mtunza kalenda, ndugu yangu. Watu wanaotafutwa wauawe, na bado walimteua mtu wa kuhesabu siku. Na wengine, hata baada ya mapadre kurudi, hawakujiunga nao, walibaki na utaratibu wao wa mababu. Hata ule wa mafichoni ulikuwa umeshakuwa kanisa lenye mambo yake.

Tena kasome Matendo sura ya 6. Vyeo vile vya kwanza vilitokana na nini? Malalamiko ya chakula. Wajane wa upande mmoja "walisahauliwa katika huduma ya kila siku," watu wakanung'unika, ndipo wakachaguliwa saba wa kusimamia meza. Mimi nikisoma kisa cha mama yako naona mjane aliyesahauliwa mezani, kisha akaletewa bili.

Sikwambii urudi, sina ubavu huo. Nasema tu ulivyocheka pale kaunta, ulicheka bure.

Mkwezi_Pangani

Mimi ni Muislamu, nimepita tu, mnisamehe kuingilia ya wenyewe. Kwetu pia deni la maiti si jambo dogo. Kwenye maziko hutangazwa: anayemdai marehemu aonane na warithi. Basi, anaonana nao. Lakini maiti anazikwa, hangojeshwi.

Fundi, nina swali moja tu na sina nia mbaya. Umesema ulikuwa mhazini miaka tisa, na huyo mwenyekiti alikwambia utaratibu unaujua. Hao wengine waliokufa na madeni katika miaka yako, ilikuwaje?

FundiTezo (Bagamoyo)

Mkwezi, swali lako limenikaa kooni siku tatu. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimekosea kupima ubao kwa sababu yake.

Utaratibu ule niliupitisha mimi na wenzangu. Watu walikuwa hawalipi, kikao kikakaa, mmoja akasema wakati pekee ambao familia haibishi ni wakati wa msiba. Sikumbuki aliyesema ni nani, na natamani nisiwe mimi. Ila nakumbuka aliyeandika orodha ni mimi, wadaiwa kwa wino mwekundu. Na yale maneno kwenye stakabadhi, "Marehemu, deni lote," niliyatunga mimi, maana nilitaka mahesabu yawe safi. Nilikabidhi kazi mwaka mmoja kabla mama hajaugua. Aliyepokea aliendelea vilevile nilivyomfundisha.

Kuna mjane alikuwa anauza vitumbua. Mumewe alipokufa nilikwenda na kitabu changu cha stakabadhi, nimevaa shati jeupe. Alifungua fundo kwenye pindo la kanga, akatoa noti za elfu moja moja na sarafu, zimelainika kwa mafuta, zinanukia iliki. Zilikuwa 41,000. Nilizihesabu mara mbili mbele yake.

Jana nilikwenda. Alinikaribisha, akanipa kigoda. Nilipomweleza kilichonileta akasema, "Wewe baba ulikuwa unatumwa tu." Nikamwambia hapana, sikutumwa. Akanyamaza akageuza vitumbua vyake. Nikamuuliza kama bado anasali kulekule, akasema hajawahi kukosa Jumapili. Nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza anawezaje. Akanitazama kama mtu aliyeuliza mambo ya kitoto: "Kwani lile lilikuwa lako?"

Nimempelekea 41,000 yake. Kachukua 20,000, nyingine kanirudishia, amesema nikamnunulie nguo yule mtoto mchanga, na kwamba Jumapili ijayo yeye mwenyewe atamchukua binti na mama yake wakaonane na mtumishi mpya kuhusu ubatizo. Amesema mtumishi huyu si yule. Mimi sijaahidi kitu. Mke wangu ameshasema anakwenda.

MamaUsharika_Tanga

Asante kwa kusema, baba. Na daftari la barazani sasa linashikwa na nani?

FundiTezo (Bagamoyo)

Mama wa samaki. Kusoma hajui vizuri, kwa hiyo kila Jumapili kabla ya wimbo wa mwisho binti yangu wa darasa la sita anasimama kulisoma kwa sauti, ukurasa mzima, na mtoto wa jirani aliyekuja kuomba kisu naye anasikia. Wiki hii kuna 8,500, na makosa ya hesabu mawili, yote ya kwangu.