Mafundi ndege, acheni kubadilisha alteneta kabla hamjashika mita ya volti!

Wakuu, hili sasa limepitiliza. Cessna 172 ya miaka ya 1970, mfumo wa volti 14, inaingizwa hanga kwa sababu mshale wa geji ya chaji unacheza. Fundi anabadilisha reguleta (kidhibiti cha volti). Mshale unacheza. Inaagizwa alteneta (jenereta ya injini inayochaji betri) nje, ndege inalala ikisubiri mzigo utoke forodhani. Mshale unacheza. Sasa anataka betri mpya! Mwenye ndege analipia vyote, na swichi ya masta (swichi kuu ya umeme wa ndege) hakuna aliyeigusa.

Mchoro umo kwenye kitabu cha matengenezo, ufungueni. Umeme wa fildi (koili ya sumaku inayoiwezesha alteneta kuzalisha umeme) unatoka kwenye basibaa (kituo kikuu cha kugawa umeme), unapita breka yake, unaingia upande wa ALT (alteneta) wa swichi ya masta, unakwenda kwenye sensa ya volti kubwa, kisha reguleta, ndipo ufike kwenye alteneta. Reguleta inasoma volti za ndege kupitia njia hiyohiyo. Swichi ina miaka 50, kontakti zimeungua na kuwa nyeusi. Zikila volti moja, reguleta inaona 13 wakati basibaa ina 14, inaongeza fildi. Fildi ikibadilika, volti inayopotea nayo inabadilika, reguleta inabaki kukimbizana nayo. Huo ndio mchezo wa mshale. Hali ikizidi, volti zinapanda hadi karibu 16, sensa inakata chaji na taa nyekundu inawaka. Rubani anazima masta na kuiwasha, chaji inarudi, nanyi mnaandika "sensa mbovu". Sensa imefanya kazi yake jamani!

Kipimo chenyewe hakichukui hata nusu saa. Injini imezimwa, ufunguo wa magneto (mitambo ya cheche za injini) umetolewa, masta pande zote mbili (betri na ALT) imewashwa. Waya mwekundu wa mita uweke kwenye basibaa, mweusi kwenye terminali ya reguleta inayopokea umeme kutoka kwenye sensa. Fildi inavuta ampea mbili au tatu hata injini ikiwa imelala, kwa hiyo unapima njia ikiwa na mzigo. Msiniambie mmepima ukinzani wa waya uliochomolewa. Kontakti iliyoungua inaweza kuonekana nzima kabisa kwenye kipimo hicho. AC 43.13-1B, mwongozo wa matengenezo wa FAA (mamlaka ya anga ya Marekani), sura ya 11, inaruhusu kupotea nusu volti kwa mzigo wa kudumu kwenye mfumo wa volti 14. Kwa njia ya fildi naona hata hiyo ni nyingi. Ikipita 0.2, rudisha waya mweusi nyuma kituo kwa kituo: sensa, swichi, breka. Ukivuka sehemu moja na namba ikashuka ghafla, ubovu uko hapohapo. Fanyeni haraka, betri isiishe.

Na starta nzito je? Mnakimbilia starta! Injini imekaa juu ya raba, haigusani na bodi ya ndege kwa chuma, kwa hiyo umeme wote wa starta unarudi kupitia ule mkanda wa waya wa kusuka unaounganisha injini na bodi. Ukioza au ukilegea, umeme unatafuta njia kwenye kebo za throtoli na mikscha (za kudhibiti nguvu na mafuta ya injini), nazo zinapata moto. Pima kati ya bodi ya injini na nguzo hasi ya betri starta ikizunguka: mikscha imefungwa, magneto zimezimwa, waya za mita zimebanwa kwa klipu na mita iko ndani ya ndege, mtu asisogee karibu na panga (propela). Ikizidi nusu volti, fungua mkanda, safisha chuma mpaka king'ae, kaza upya.

Piper PA-28 za zamani nazo zina kebo za betri za alumini. Kutu yake inajificha ndani ya terminali, nje panaonekana safi. Kebo za shaba zilizoidhinishwa zipo, ila hakuna anayezitaja mpaka starta mbili zimeshanunuliwa.

Wenye ndege, msisaini kazi ya umeme isiyo na namba. Volti za betri ikiwa imepumzika (12.6 ikijaa), volti za basibaa injini ikichaji (takribani 14), volti zinazopotea kwenye njia ya fildi, na zinazopotea kwenye ethi ya injini (ule mkanda). Namba hizo nne ziandikwe kwenye karatasi ya kazi kabla kipuri chochote hakijaagizwa.