Kumwiga Eminem kwa mapenzi: gumzo la kikundi cha familia, Bagamoyo

*Binamu:* Shikamooni. Kwenye onesho letu kuna mchekeshaji shoga anayemwiga Eminem, yule rapa wa Marekani, kwa wimbo. Mistari haikai kwenye biti. Tuanzie wapi?

*Shangazi:* Marahaba mwanangu. Kabla ya biti, amueni nani anachekwa. Eminem alilaumiwa sana na watetezi wa mashoga Marekani kwa maneno ya nyimbo zake. Februari 2001, kwenye tuzo za Grammy, akaimba pamoja na Elton John, mwimbaji wa Uingereza ambaye hafichi kuwa ni shoga. Kwa hiyo shoga akimwiga, mzaha una uzito tayari. Mkitia matusi mtauua. Aonyeshe kwamba anaujua ufundi wa yule bwana hadi kwenye pumzi.

*Anko Studio:* Hapo hapo. Flo, yaani mtiririko wa maneno yake, msiiguse, badilisheni mada tu. Hasira yote ile imwangukie jirani aliyeazima sufuria akairudisha bila kifuniko.

*Binamu:* 😂😂 Tulitafsiri mistari yake kwanza, Anko.

*Anko Studio:* Ndiyo maana mnachelewa biti. Kiingereza kinabana neno zima kwenye silabi moja, chetu kinatandaza. Andikeni upya. Baa moja, yaani kipande cha biti kinachobeba mstari mmoja, ina mapigo manne, na kila pigo lina nafasi nne, jumla 16. Chukua huu:
"Sufuria limerudi, kifuniko kiko wapi?"
Hesabu mizani: 16. Baa imejaa, hana pa kuvuta pumzi, na mstari wa tatu atakuwa anahema. Sasa punguza:
"Sufuria hili hapa, kifuniko?"
Zimebaki 12. Zile nafasi nne tupu ndizo watu wanachekea. Msizijaze!

*Shangazi:* Na vina. Kuishia na "a" pekee hakusikiki, maana karibu kila neno letu linaishia na irabu. Mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, kina kianzie hapo: kifuniko, mwiko, liliko. Kisha kirudisheni katikati ya mstari pia. Eminem hasubiri mwisho, na hapo ndipo waigaji wengi wanapomkosa.

*Kaka Mkubwa:* Biti iwe ya kasi gani?

*Anko Studio:* Mapigo 90 kwa dakika. Mistari 16 inachukua kama sekunde 43. Beti mbili na kiitikio zinatosha, mzaha wa wimbo ukirefuka unachosha. Sauti itokee puani kidogo, uso usicheke hata mara moja.

*Kaka Mkubwa:* Tukitumia biti yake yenyewe?

*Anko Studio:* Mkiiweka YouTube itatambuliwa, na mwenye mali anaweza kuchukua mapato au kuizuia. Tengenezeni yenu yenye mwendo kama ule. Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1994, kesi ya kundi la rap la 2 Live Crew, ilisema mzaha wa wimbo unaweza kuwa matumizi halali. Hiyo ni ya kwao. Huku tuna Sheria ya Hakimiliki ya 1999, ulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Hata "Weird Al" Yankovic, Mmarekani anayeishi kwa kuiga nyimbo za watu kimzaha, huomba ruhusa: mwaka 2003 Eminem alimkubalia wimbo, video akamkatalia.

*Shangazi:* Upepo wa bahari je?

*Anko Studio:* Maikrofoni ivalishwe sifongo nene, na mwimbaji aupe upepo mgongo. La sivyo upepo utanguruma kwenye spika, na "p" zote zitapasuka.

*Binamu:* Asanteni. Natuma mistari minane ya kwanza leo jioni, mizani zikiwa zimehesabiwa.

*Shangazi:* Tuma kwa sauti, mwanangu. Maandishi hayaonyeshi pumzi.