Modemu inajibu OK, lakini faili kubwa hufika na mapengo

Swali
Wakuu, nina modemu ya nje ya V.34 (kiwango cha modemu za simu) yenye soketi ya pini 25. Kompyuta ina pini 9. Nikiandika amri AT inajibu OK, inapiga simu na kuunganika kwa biti 33,600 kwa sekunde. Faili ndogo ninazotuma hufika salama, kubwa hufika zimekatikakatika. Poti ya kompyuta ni biti 115,200 kwa sekunde, 8N1 (biti 8 za data, bila pariti, biti 1 ya mwisho), udhibiti wa mtiririko (njia ya kumwambia mtumaji asubiri) umezimwa. Kwa multimita kebo inaonyesha pini 2 ya kompyuta kwenda 3 ya modemu, 3 kwenda 2, 5 kwenda 7, basi. Je, ni kebo ya kompyuta kwa kompyuta?

Jibu 1
Hapana, ni ya modemu. Katika RS-232, kiwango cha poti hizi, kompyuta ni DTE (kifaa cha mtumiaji) na modemu ni DCE (kifaa cha mawasiliano), na waya hufuata jina la ishara, si namba ya pini. Kompyuta yenye pini 9 hutuma kwa pini 3. Kwenye pini 25 data hiyo hupita pini 2. Ndiyo maana namba zinapishana. Kebo ya kompyuta kwa kompyuta ingeonyesha 2 kwa 2 na 3 kwa 3, na hiyo OK usingeiona. Mimi ningeshuku kelele za laini ya simu: ujumbe wa CONNECT usipotaja V42 wala LAPM (usahihishaji wa makosa kati ya modemu), huenda makosa hayasahihishwi.

Jibu 2
Kebo nakubali, laini siilaumu. Kelele kwa kawaida hugeuza herufi kuwa takataka; hapa herufi hazipo kabisa.

Hesabu ndiyo inayosema. Kwa 8N1 kila herufi ni biti 10 (mwanzo 1, data 8, mwisho 1), hivyo poti inamwaga herufi 11,520 kwa sekunde. Laini ya 33,600 yenye V.42 haibebi biti za mwanzo na mwisho, lakini bila ukandamizaji wa data haivuki herufi 4,200 kwa sekunde. Ziada inajaa kwenye bafa (kumbukumbu ya muda) ya modemu: faili ndogo inaenea, kubwa inafurika. Modemu hushusha CTS (ishara ya ruhusa ya kutuma) ili kompyuta isubiri, na kebo yako haina waya huo! V.42 hulinda njia ya modemu kwa modemu tu. Herufi iliyopotea kabla ya hapo V.42 haiijui.

Tafuta kebo yenye pia waya za ishara za udhibiti: RTS (pini 7 ya kompyuta kwa 4 ya modemu), CTS (8 kwa 5), DTR (4 kwa 20), DSR (6 kwa 6) na DCD (1 kwa 8). Kisha andika amri AT&F (kurudisha mipangilio ya kiwandani), AT&K3 (kuwasha RTS/CTS, yaani udhibiti wa mtiririko kwa waya) na AT&W (kuhifadhi); &K3 hutumika kwenye modemu nyingi, si zote, kwa hiyo hakikisha kwenye kijitabu chake. Mwisho washa RTS/CTS kwenye programu. Ukiiwasha kabla ya kubadili kebo, programu itaganda ikingoja CTS.

Muulizaji
XON/XOFF (udhibiti wa mtiririko kwa herufi badala ya waya) kwa kebo hiihii je? Au nishushe kasi ya poti?

Jibu 2
XON/XOFF inafaa maandishi matupu. Faili la zip lina baiti za 17 na 19, ambazo ndizo XON na XOFF zenyewe, hivyo zitamezwa au zitasimamisha mtiririko. Poti ya 19,200 itaficha tatizo, maana herufi 1,920 laini inazimudu. Ila kasi ya laini ikianguka, au V.42 ikirudia vipande vingi, mapengo yatarudi. Badili kebo.